Parseli Tupu Katikati ya Lubumbashi: Mwongozo Kamili wa Kuigeuza Mahali pa Watu

Habari tunazopata kutoka kwa vikundi vya vijana na wakaaji zinafanana mno. Jumamosi mnapiga salongo, yaani usafi wa pamoja: watu wengi, muziki, picha. Jumatano usiku mtu anamwaga mfuko wa kwanza wa takataka. Mvua mbili tatu za Novemba zikishanyesha, majani yamefika kiunoni na bango lenu limelala chini. Au kibaya zaidi: miche imeshika, mabenchi yapo, halafu anafika mtu na sertifika mkononi na polisi wawili nyuma yake.

Karibu kila mara chanzo ni kilekile: kazi ilianza na jembe. Hapa tutaanza na karatasi, tupite kwenye udongo, jembe lije kwa zamu yake. Na jambo moja nitalirudia hadi mnichoke: msijenge kana kwamba mtakaa pale daima. Parseli ya katikati ya mji ina bei yake, na siku ya kuuzwa au kujengwa itafika. Kila mnachokiweka kiwe kitu mnachoweza kukifungua, kukibeba na kukipeleka kwingine.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Karatasi na watu

- Daftari moja gumu la mikutano na la hesabu. Msitumie karatasi za kuchomoka.
- Watu watano wanaoishi au kufanya kazi karibu kiasi cha kufika kwa miguu. Mtu wa Ruashi, mbali na katikati ya mji, hata mwenye moyo mzuri, hatafungua geti la mjini kila asubuhi.
- Simu yenye kamera nzuri, na tepu ya kupimia ya mita 30 au zaidi.

Vifaa vya usafi

- Mapanga, reki, sepetu, toroli mbili.
- Glavu nene na viatu vilivyofunika mguu kwa kila atakayeingia.
- Mifuko mitupu ya unga au ya makala (makaa), mingi kuliko mnavyodhani.

Vifaa vya kujengea

- Mabomba ya chuma, bolti na nati (si misumari), mabati, mapipa ya lita 200, mbao za paleti.
- Bidoni (madumu) za lita 20, zisizopungua kumi.
- Mnyororo na kufuli zuri. Hapo msibane pesa.

Majira

Karatasi zishughulikiwe Aprili na Mei. Usafi na ujenzi ni kazi ya Juni hadi Agosti, kiangazi, ardhi ikiwa kavu na nyoka wakionekana. Udongo uletwe Septemba na Oktoba. Miti ipandwe Novemba mvua zikishatulia. Anayeanza usafi Desemba anapigana na majani yanayoota usiku na mchana.

## Hatua ya 1: Jueni haki ya parseli iko kwa nani

Hakuna parseli isiyo na mwenyewe. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Alichonacho mtu ni konsesheni, yaani haki ya kuutumia, inayothibitishwa na certificat d'enregistrement. Ndiyo ile karatasi ambayo wengi huiita tu "sertifika". Hata kama majani yamefunika ukuta tangu enzi za wazazi wenu, kuna faili mahali fulani yenye jina.

Anzeni chini mkipanda. Majirani na shefu wa avenyu kwanza, kwa sababu wanajua yale ambayo faili haina: nani alifariki, ndugu gani hawasemezani, mtoto yupi yuko Afrika Kusini na ndiye anayepiga simu kuulizia. Kisha shefu wa kartie (mtaa). Mwisho nendeni kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, kupata namba ya parseli na mipaka yake, na kwa conservateur wa titres immobiliers, msajili wa hati za ardhi, kuulizia jina lililoandikishwa.

Mkikuta ukutani maneno makubwa ya rangi, "Parcelle à ne pas vendre" (parseli haiuzwi), simameni. Familia huyaandika pale inapogombana yenyewe kwa yenyewe, au ikishawahi kuuziwa mali yake na tapeli. Maana yake kwenu: saini ya mtu mmoja haitatosha. Tafuteni warithi wote, au baraza la familia lililokaa na kuandika PV (kumbukumbu rasmi ya kikao) ya kumteua msemaji.

Onyo. Fotokopi si hati. Anayekuja mbio na kuomba "pesa kidogo ya ruhusa" kabla hata hamjamtafuta, muulizeni hati ya asili, tena mbele ya shefu wa kartie. Na kama kuna kesi mahakamani, iacheni parseli hiyo. Nasema iacheni, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Upande mmoja ukikuruhusuni, upande wa pili utawatumia nyinyi kama ushahidi.

Ikiwa parseli haijapewa mtu na bado iko mikononi mwa Serikali au mji, andikeni barua kwa bourgmestre, mkuu wa komini, nakala kwa meya. Pelekeni nakala mbili, na moja irudi mikononi mwenu na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri haikufika, hata kama mliiweka mezani wenyewe.

Mmefaulu mkiwa na jina moja lenye mamlaka ya kutia saini, hati ya asili mliyoiona kwa macho, na namba ya kadasta inayolingana na ile ya kwenye hati.

## Hatua ya 2: Itazameni kwa wiki nzima

Msisafishe bado. Gawaneni zamu za saa mbilimbili, asubuhi, mchana, jioni, na mara moja usiku mkiwa wawili au watatu. Andikeni nani anapita, wapi, akibeba nini.

Mtaona kwamba parseli "tupu" ina watu. Kuna njia ya mkato iliyochongwa na miguu kutoka kona hadi kona. Kuna mama wa mikate anayeketi kwenye kivuli cha ukuta hadi saa nne jua likihamia. Kuna motoka na pikipiki zinazoegeshwa, wanaume wanaojisaidia pembeni, pengine watoto wanaolala nyuma ya kifusi. Na kuna mlango wa takataka: karibu daima ni sehemu moja, ile iliyo karibu na barabara na isiyoonekana kutoka duka lolote.

Waendeeni kwa heshima. "Mama, uko nauzisha hapa tangu lini?" ni mwanzo mzuri kuliko "Tuna mradi." Huyo mama akiwa upande wenu mmepata mlinzi anayekuwepo kabla ya jua kupanda, na hamtamlipa mshahara. Mkimfukuza, mmeongeza adui anayejua saa zenu zote.

Watoto wanaolala pale ni suala zito kuliko mabenchi. Zungumzeni nao kabla ya kugusa chochote, tafuteni kituo cha watoto au parokia iliyo tayari kuwapokea, na kama hamkupata, acheni kona yao hadi mpate. Kuchoma magodoro yao asubuhi ya salongo ni ukatili, nami nisingependa kusikia limefanyika kwa jina la usafi.

Mmefaulu mkiwa na ramani ya mkono inayoonyesha njia, vivuli vya asubuhi na jioni, mlango wa takataka, na maji ya mvua yanakoelekea.

## Hatua ya 3: Chagueni matumizi, na bustani isiwe ya kwanza

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea. Kila mtu anasema bustani ya mboga, kwa sababu wafadhili huipenda na hupendeza kwenye picha. Kwa parseli ya mjini, mboga ndiyo inayodai maji mengi zaidi, kazi nyingi zaidi na udongo safi zaidi. Iwekeni mwisho.

Parseli hubaki safi pale mtu anapokuwa na sababu ya kufika kila siku. Chagueni kwa utaratibu huu.

Kitu kimoja cha kila siku. Kivuli na mabenchi kandokando ya ile njia ya mkato, pamoja na nafasi za wauzaji wanne au watano. Mahali pa kuchajia simu pia panavuta watu, umeme wa SNEL ukijulikana unavyokatika. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali kwa muda wa saa tano hutoa kama wati-saa 500. Toeni theluthi kwa upotevu, na simu moja inataka kama 15. Hapo mna simu ishirini na kitu kwa siku. Paneli ilale ndani kwa mtu kila usiku.

Kitu kimoja cha kila wiki. Ligi ya watoto kwenye kiwanja kidogo, soko la Jumamosi la miche na nguo za mitumba, mafunzo ya kutengeneza baiskeli, kwaya inayokosa mahali pa mazoezi. Kwaya ni wazo ambalo watu hulisahau: inakuja na watu thelathini, haihitaji kifaa, na inafika kwa saa.

Kitu cha mara mojamoja. Sinema ya ukutani wakati wa kiangazi, maonyesho ya wachoraji, mkutano wa kartie. Juni na Julai usiku ni baridi, kwa hiyo anzeni mapema na mtangaze kwamba watu waje na makoti.

Njia ya mkato msiizibe. Mkiiziba, watu watakata waya. Inyoosheni, iwekeni kokoto, na mpange mabenchi pembeni yake.

## Hatua ya 4: Andikeni mkataba

Aina ya mkataba mnaoutaka inajulikana katika sheria zetu za mikataba kama prêt à usage: mtu anakuazima kitu bila malipo, unakitumia, unakirudisha. Tumieni jina hilo kwenye kichwa cha karatasi. Linamtuliza mwenye parseli, kwani linasema wazi kwamba hamnunui, hampangi, wala hamdai haki yoyote baadaye.

Ndani yake kuwe na:

- namba ya parseli, vipimo, na picha za hali yake siku ya kusaini;
- muda, mwaka mmoja au miwili, unaoweza kuongezwa kwa maandishi;
- taarifa ya kuondoka, isiyopungua siku 90;
- orodha ya vitu vitakavyoletwa, na sentensi kwamba vyote ni mali ya kikundi na vitaondoka nacho;
- marufuku: ukuta wa saruji, chumba cha kulala, kisima, na kaburi (msicheke);
- nani analipa nini, pamoja na kodi yoyote ya parseli.

Atauliza anapata nini. Mwambieni ukweli: parseli inayotumiwa na watu kila siku haivamiwi wala kuuzwa kisirisiri kirahisi, na hatalipia lori la takataka siku ya kujenga. Msimwahidi kwamba mabenchi yenu yatahesabiwa kuwa ameiendeleza ardhi kama sheria inavyomtaka. Hilo ni jambo la ofisi za ardhi, si lenu.

Mmefaulu nakala tatu zikiwa na saini: kwa mwenye parseli, kwenu, na kwa shefu wa kartie kama shahidi.

## Hatua ya 5: Udongo wa hapa usiuamini

Someni sehemu hii mara mbili.

Lubumbashi imeyeyusha shaba tangu 1911. Pepo zetu hutoka zaidi kusini-mashariki, hivyo moshi wa kiwanda cha shaba uliangukia zaidi kaskazini-magharibi ya lile bomba lake refu la moshi. Ndiyo maana sehemu za Penga Penga, iliyo upande huo, zilibaki uwanda usioota chochote cha maana. Shaba, kobalti, risasi, kadimiamu na aseniki havioshwi na mvua vikaisha. Hukaa kwenye sentimita za juu za udongo kwa miaka na miaka. Hata parseli iliyo mbali na upande huo inaweza kuwa na uchafu wake: betri za gari zilizovunjwa, mafuta ya gareji, au changarawe nyeusi nzito inayong'aa, ambayo ni mabaki ya kuyeyushia.

Mboga za majani ndizo hunyonya zaidi. Lengalenga (mchicha) na chou de Chine (kabichi ya Kichina), yaani zile tunazozipenda na bukari (ugali), ziko mstari wa mbele. Kuziosha kunaondoa vumbi tu. Kilichopanda kupitia mizizi hakitoki kwa maji.

Chukueni sampuli hivi. Chagueni pointi kumi zilizotawanyika, chimbeni hadi sentimita 20, tieni koleo moja moja kwenye ndoo safi ya plastiki, changanyeni. Kausheni nusu kilo kivulini, fungeni, andikeni mahali na tarehe. Kisha ulizeni kitivo cha sayansi ya kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni maabara gani inaweza kupima metali, na kwa bei gani.

Kama hamna pesa ya kupima, fanyeni kana kwamba jibu limekuja baya. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wote:

1. Tandazeni kokoto au changarawe safi ya unene wa sentimita 10 popote watoto watakapocheza na watu watakapopita. Hatari kubwa kwa mtoto mdogo ni mikono yenye vumbi inayoingia mdomoni.
2. Mboga zipandwe kwenye matuta yaliyoinuliwa tu, kimo cha sentimita 35, yenye mifuko iliyofumwa ya plastiki chini. Mifuko hiyo hupitisha maji na kuzuia mizizi mingi.
3. Leteni udongo kutoka nje ya mji, mbali na migodi na barabara kuu. Udongo wa kichuguu ni mzuri, wakulima wetu wanaujua, ila ni mzito na hushikana. Sehemu mbili zake, sehemu moja ya mchanga, sehemu moja na nusu ya samadi iliyooza hadi haina harufu.
4. Pandeni zaidi vinavyozaa tunda au ganda: nyanya, maharage, pilipili, bamia. Hivi hunyonya kidogo kuliko majani.

Tuta la mita 5 kwa mita 1.2 linameza udongo wa mita za ujazo 2.1. Yapigieni hesabu ya lori kabla ya kutamka "matuta kumi". Matatu yanatosha.

## Hatua ya 6: Safisheni kwa siku mbili, si kwa moja

Siku ya kwanza ni ya panga na macho. Fyekeni majani, mtafute mashimo ya zamani ya choo, nyaya, vioo, sindano. Kila shimo liwekewe mti wenye kitambaa chekundu. Watoto wasiingie.

Siku ya pili ni ya kubeba. Tenganisheni matofali na mawe, mtayahitaji. Chuma kiuzwe, pesa iingie daftarini. Plastiki na taka nyingine ziondoke kwa gari mliloliagiza *kabla* ya kuanza. Rundo linaloachwa getini "hadi Jumatatu" huita marundo mengine.

Msichome. Moshi wa plastiki na betri utawageuza majirani wote dhidi yenu kwa mchana mmoja.

Mlango wa takataka mlioupata katika Hatua ya 2 unahitaji dawa yake: jioni ileile ya usafi, wekeni pale benchi au meza ya muuzaji. Bango la "Marufuku kumwaga taka" peke yake halijawahi kumzuia mtu.

Chimbeni pia mfereji mdogo kufuata mteremko, uungane na kaniveau (mtaro) ya barabara. Mvua zetu hufikia kama milimita 1,200 kwa mwaka na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Machi, mara nyingi kwa kishindo.

## Hatua ya 7: Jengeni vinavyohamishika

Kivuli: mabomba manne ya chuma yaliyosimikwa ndani ya mapipa yaliyojazwa mawe, fremu ya bolti juu, mabati. Hakuna msingi, hakuna saruji. Mbao zikigusa ardhi mchwa watazila kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo miguu ya kila kitu iwe ya chuma au ikae juu ya tofali.

Mabati yafungeni kwa bolti zenye washa pana na waya wa ziada kwenye pembe. Upepo unaotangulia mvua za kwanza ndio hung'oa mapaa.

Uzio uwe wa kuonekana ndani, waya au mabomba, kimo cha kifuani. Ukuta mrefu unampa mwizi na mwenye haja ndogo faragha wanayoitafuta.

Miti pandeni kwenye nusu pipa lenye matobo. Mparachichi na mwembe havitazaa kabla mkataba haujaisha, lakini miche ya mwaka mmoja inauzika.

## Hatua ya 8: Pigeni hesabu ya maji

Kwa kiangazi, hesabuni lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na zaidi kidogo joto la Septemba na Oktoba likifika. Matuta matatu ni mita za mraba 18: lita 90, yaani bidoni nne na nusu kila siku. Nani atazibeba, kutoka wapi, na siku Regideso, shirika la maji, ikikata? Jina lake liandikwe.

Paa la mita 4 kwa mita 5 likipata mvua ya milimita 30 linatoa lita 600, ukipoteza kidogo mna kama 500. Inapendeza, ila hiyo ni maji ya Januari. Kuanzia Mei hadi Septemba mngehitaji zaidi ya lita 13,000 na hakuna pipa la hivyo. Mimi naona ni busara kupanda tuta moja tu wakati wa kiangazi na kuyafunika mengine mawili kwa nyasi kavu.

Kila pipa liwe na mfuniko na wavu. Mkisahau wavu, mnafuga mbu katikati ya mji.

## Hatua ya 9: Ufunguo, pesa, na ushuru

Ufunguo uwe kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Saa za kufungua ziandikwe getini, mzitii kwa wiki nne za kwanza hata kama hakuna aliyekuja. Baada ya hapo watu wenyewe watawakumbusha.

Wauzaji wachangie kitu kidogo kila wiki, kiamuliwe nao, kisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi. Fundi wa bolti, samadi na kufuli jipya hutoka humo. Mkusanya ushuru wa komini naye atafika. Nendeni kwake kabla hajaja, mmwonyeshe mkataba, muulize wauzaji wanadaiwa nini, na mdai risiti kila mara.

Mmefaulu mkipita Jumatano ya kawaida saa tisa alasiri, hakuna tukio lolote, na mkakuta watu ambao hamwajui wameketi.

## Hatua ya 10: Siku ya kuondoka

Taarifa ya siku 90 ikija, itisheni mkutano wiki hiyohiyo. Mwezi wa kwanza tafuteni parseli nyingine na mrudie Hatua ya 1, maana wauzaji na kwaya watawafuata kama hamkuwaacha hewani. Mwezi wa pili vuneni na muuze miche. Mwezi wa tatu fungueni bolti. Kivuli kimoja hushuka kwa nusu siku mkiwa sita.

Pigeni picha kutoka sehemu zilezile mlizopigia siku ya kusaini, mwandike PV ya makabidhiano, mwenye parseli asaini kwamba amepokea pakiwa safi. Karatasi hiyo ibebeni kwa mwenye parseli wa pili. Itawatetea kuliko hotuba yoyote.

Udongo wa matuta ndio husumbua kuhama. Utieni kwenye mifuko mkiwa mmeukwangua juu ya ile plastiki ya chini bila kuchanganya na wa pale, na kama parseli mpya haijapatikana, mpeni mkurugenzi wa shule ya jirani kwa ajili ya vitanda vya miche.